Roboti Kubwa Yenye Rubani: Silaha au Shabaha?

Hoja iliyo mezani: majeshi yajiandae kutumia roboti kubwa zenye miguu, zinazoendeshwa na rubani aliyekaa ndani. Wanaojadili ni mhandisi wa roboti, afisa mstaafu wa vifaru na mwanasheria wa sheria za vita.

MHANDISI: Wengi wakisikia habari hii hufikiria katuni, kwa hiyo nianze na vitu vinavyoshikika. Kuanzia Desemba 2020 hadi Machi 2024, bandarini Yokohama, Japani, roboti iitwayo Gundam, yenye urefu wa mita 18 na uzito wa tani 25, ilikuwa ikiinua mikono, ikipiga goti na kugeuza shingo mbele ya watu. Mwaka 2023 kampuni ya Tsubame Industries ikaonyesha Archax, yenye urefu wa mita 4.5 na uzito wa tani 3.5. Rubani wake hukaa kifuani na kutazama nje kwa kamera, na bei yake ni kama yen milioni 400. Gundam ilipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1979 ilikuwa hadithi tupu. Leo tunazungumzia bei. Jeshi litakalosubiri mwenzake aikamilishe kazi hii litajifunza kwa kupigwa.

AFISA MSTAAFU: Binti yangu, umetaja mita na tani, ukaacha kutaja kilichoishikilia ile ya Yokohama. Ilishikwa kiunoni na mtambo wa chuma uliosimama nyuma yake. Bila mtambo huo isingepiga hata hatua moja. Na hiyo Archax, ikitaka kwenda, hubingiria kwa magurudumu, mwisho wake kilomita 10 kwa saa. Kuruta akikimbia anaiacha nyuma. Mwaka 2017 Wamarekani wa MegaBots na Wajapani wa Suidobashi walipambanisha roboti zenye marubani ndani. Katika raundi ya kwanza ngumi moja tu ilitosha kuiangusha ya Wamarekani chali. Hapo hakuna aliyefyatua hata risasi moja ya kweli.

MHANDISI: Kuanguka ni ugonjwa unaotibika, Afande. Juni 2015, huko Pomona, California, wakala wa utafiti wa jeshi la Marekani, DARPA, ulishindanisha roboti katika kazi za uokoaji: kufungua mlango, kufunga vali, kupanda ngazi. Zilianguka ovyo mbele ya kamera, na dunia ikacheka. Novemba 2017, miaka miwili tu baadaye, Atlas ya Boston Dynamics ikapindua sarakasi kinyumenyume hewani na kutua wima. Teknolojia inayokua kwa kasi hiyo haipimwi kwa mwaka wake mbaya.

AFISA MSTAAFU: Umemruka mshindi wa Pomona. DRC-HUBO ya Wakorea wa KAIST ilichukua dola milioni 2, na siri yake ilikuwa magurudumu magotini. Penye sakafu nzuri ilipiga magoti ikabingiria. Kati ya wote waliokwenda kutafuta miguu bora, aliyeshinda ni yule aliyejua wakati wa kuiacha. Na Atlas yako ina kimo cha binadamu na haina mtu ndani. Weka rubani kifuani mwa jitu la mita 18, yaani kama mita 13 kutoka ardhini. Likijikwaa, anafika chini kwa mwendo wa karibu kilomita 60 kwa saa. Adui hahitaji kombora. Anahitaji shimo.

MHANDISI: Lakini urefu huohuo una faida. Kwenye tambarare, jicho lililo mita 18 juu huona mpaka kilomita 15. Kamanda anayechungulia juu ya kifaru, kwenye mita 2.4, upeo wake ni kilomita tano na nusu.

AFISA MSTAAFU: Anayeona kilomita 15 anaonekana kutoka kilomita 15. Miaka yote ile wasanifu wa vifaru walihangaika kushusha mnara wa mzinga. T-72 ina urefu wa mita 2.2 tu, na ili ifikie hapo walichagua wanajeshi wafupi na kumwondoa mpakia risasi, mashine ikachukua kazi yake. Walibana watu hivyo kwa sababu kila sentimita iliyozidi ilikuwa sentimita ya kupigwa. Na kama unatafuta jicho la juu, droni ya dola mia chache inapanda mita 100 na haina mama wa kuililia ikianguka.

MHANDISI: Basi tupime uzito, si urefu tu. Deraya ya kutosha...

AFISA MSTAAFU: Tupime. Mchukue mtu wa mita 1.8 na kilo 75, umkuze mara kumi kila upande. Uzito unapanda mara elfu, anakuwa tani 75. Eneo la nyayo zake linapanda mara mia tu. Kwa hiyo kila sentimita ya mraba ya wayo inabeba mara kumi ya ulichobeba wewe. Mtu aliyesimama kwa mguu mmoja huikandamiza ardhi kwa takriban theluthi mbili za kilo kila sentimita ya mraba, basi jitu lako litaikandamiza kwa kilo sita na ushei. Abrams, yenye zaidi ya tani 60, hukandamiza kwa kama kilo moja, kwa sababu uzito wote umetandazwa juu ya minyororo mipana. Kwenye shamba lililonyeshewa kifaru kitapita, na roboti yako itazama mpaka magotini. Galileo aliieleza kanuni hii mwaka 1638. Hakuna wizara ya ulinzi yenye uwezo wa kuifuta.

MHANDISI: Sijawahi kusema lazima iwe na umbo la binadamu. Nipe miguu minne, nyayo pana, urefu wa mita nne.

AFISA MSTAAFU: Umeshapunguza mita 14, na mjadala ndiyo kwanza unaanza.

MHANDISI: Asiyekubali kushindwa si mshindani, na mita hizo nimezikubali. Lakini kumbuka chombo chako mwenyewe kilivyozaliwa. Tarehe 15 Septemba 1916, kwenye mapigano ya Somme, Waingereza walipeleka vifaru 49. Vingi viliharibika au kukwama kabla ya kumfikia adui. Mwaka uliofuata, Cambrai, zaidi ya 400 viliingia vitani, na siku ya kwanza peke yake 179 vilitoka vitani: 65 vilipigwa na Wajerumani, vilivyobaki viliharibika vyenyewe au viliangukia mahandakini. Afisa wa farasi wa wakati ule angekuwa na hoja zako zote.

AFISA MSTAAFU: Na bado angeshindwa, kwa sababu kifaru kilikuja na jibu la swali lililokuwa likiua watu kila asubuhi: utavukaje waya wa miiba na handaki huku bunduki za rasharasha zinakufyeka? Trekta la minyororo lilikuwa tayari linalima mashambani. Walichukua kitu kinachofanya kazi, wakakivika chuma. Wewe unakuja na chuma kwanza, halafu unatafuta kazi ya kukipa. Na ukitaja Cambrai, hesabu vizuri. Kifaru kile kilikuwa na injini moja na minyororo miwili, na bado vilivyojiharibikia vilizidi vilivyopigwa. Archax ina viungo 26. Kila kiungo kina mota, na mota ina waya unaopitisha umeme penye vumbi na mchanga. Fundi wako atalala lini?

MHANDISI: Swali lenyewe lipo, Afande, na wazee wetu walilijibu kwa migongo yao. Vita ya 1914 hadi 1918 huku Afrika Mashariki ilipiganwa mahali ambapo gari halikupita, na farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Mzigo mwingi wa majeshi ya Waingereza na Wajerumani, chakula, risasi, mpaka vipande vya mizinga, ulipanda vichwani mwa watu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Mahali pa namna hiyo bado papo duniani: milima, misitu, miji iliyobomolewa ikawa vifusi. Gurudumu linadai barabara. Mguu unadai pa kukanyaga tu.

AFISA MSTAAFU: Hilo ni swali la kweli, na nalipokea. Lakini Wamarekani walilijaribu kabla yako, mara mbili. Miaka ya 1960, General Electric waliwatengenezea gari la miguu minne lenye uzito unaozidi tani moja. Rubani alikaa ndani: mikono yake iliongoza miguu ya mbele, miguu yake ikaongoza ya nyuma. Mtambo ulimrudishia mikononi hisia ya kila ulichokigusa. Lilipanda juu ya magogo, likasukuma gari la jeep. Shida ilikuwa mtu. Kuwaza kila hatua ya miguu minne kulimchosha haraka mno, na mashine ikaishia makumbusho ya jeshi, Fort Eustis, Virginia.

MHANDISI: Kwa sababu haikuwa na kompyuta ya kumsaidia! Leo rubani anasema mbele tu, kompyuta inachagua pa kukanyaga.

AFISA MSTAAFU: Hiyo ndiyo mara ya pili. LS3 ya Boston Dynamics ilikuwa na kompyuta, ilibeba kilo 180 na kuwafuata askari kama punda. Wanamaji wa Marekani waliijaribu Hawaii mwaka 2014. Mwaka uliofuata mpango ukawekwa kando, kwa sababu injini yake ilipiga kelele kiasi cha kumwambia adui wako wapi. Lakini angalia kilichotokea kati ya mashine hizi mbili. Ya kwanza ilikuwa na mtu ndani. Ya pili haikuwa naye. Kompyuta ilipojifunza kutembea, kiti cha rubani kikaondolewa. Kila tatizo unalolitatua, binti yangu, linamsogeza rubani wako mlangoni.

MHANDISI: Si kila mahali. Mwaka 2024 reli ya JR West huko Japani ilianza kutumia roboti yenye kiwiliwili na mikono kukarabati nyaya za juu ya reli. Inafika mita 12 na kubeba kilo 40. Opereta wake anakaa ndani ya kibanda na kuvaa miwani inayomwonyesha kinachoonwa na kichwa cha roboti. Mikono ya mashine inafuata yake. Kazi ya mkono katika mazingira yasiyotabirika bado inamhitaji mtu.

AFISA MSTAAFU: Roboti hiyo imefungwa juu ya lori, na lori liko relini. Miguu imekwisha, urefu tumekodi kwa winchi. Kilichobaki ni mtu na mikono. Mtu huyo akikaa kilomita 20 nyuma, mashine itapoteza nini?

MHANDISI: Mawasiliano! Hapo ndipo unapoisahau Ukraine. Kila upande huko unavuruga mawimbi ya mwenzake. Droni ngapi zimeanguka kwa sababu tu opereta aliona skrini ikijaa chenga? Rubani aliye ndani ya mashine havurugwi na mtu. Macho yake hayapitii kwenye antena.

AFISA MSTAAFU: Na Ukraine wameshajibu kwa waya. Tangu 2024 tunaona droni zinazokwenda zikikunjua uzi wa faiba nyuma yao, kilomita baada ya kilomita, na hakuna mawimbi ya kuvuruga. Lakini nikupe haki yako: uzi hukatika, na una mwisho. Sasa tazama upande wa chuma. Marekani iliwapa Waukraine vifaru 31 vya Abrams, kila kimoja kikigharimu mamilioni ya dola. Aprili 2024 vilirudishwa nyuma ya mstari wa mbele kwa sababu droni zilikuwa zikiviwinda. Hicho ni chombo kifupi, kizito, kilichofanyiwa kazi kwa miaka 40. Kama nacho kinajificha, cha kwako chenye magoti kitajificha wapi?

MWANASHERIA: Naomba niingie hapa, maana nimesikiliza namna roboti hii inavyovuliwa nguo moja moja. Kwanza mmeiondolea kimo, mkaja kwenye miguu, na sasa mmefika kwa mtu aliye ndani. Kwa kimo na miguu sina la kusema, hayo ni ya Galileo. Kwa mtu nina la kusema. Afande, ulipouliza mashine itapoteza nini akiondoka, ulikuwa ukiuliza kuhusu mashine tu. Mimi nauliza vita vitapoteza nini.

AFISA MSTAAFU: Vitapoteza majeneza, Wakili.

MWANASHERIA: Vitapoteza na mtu wa kuulizwa. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva, inakataza kumshambulia aliyejisalimisha au aliyejeruhiwa asiweze kupigana tena. Katazo hilo linahitaji mwenye macho ya kuona mikono iliyoinuliwa, na moyo wa kusita. Mei 2023, karibu na Bakhmut, askari wa Urusi aliyebaki peke yake handakini aliikabili droni ya Waukraine. Akaikunjia mikono, akaonyesha kwa ishara kwamba hataki kufa. Opereta alimwelewa. Wakamdondoshea karatasi yenye maelekezo, akaifuata droni mpaka upande wa pili akiwa hai.

AFISA MSTAAFU: Umenisaidia kazi. Opereta yule hakuwa ndani ya kitu chochote. Alikuwa mbali, salama, na ndiyo maana aliweza kusubiri. Mweke ndani ya chuma cha mita nne, roketi zinamjia, injini inanguruma, jasho linamwingia machoni. Akiona mtu ameinuka handakini na mikono yake haionekani vizuri, atafyatua. Nimeishi ndani ya kifaru, Wakili. Hofu haikuongezei huruma.

MWANASHERIA: Nakubali, hofu huua. Lakini usalama nao una maradhi yake. Kiongozi ambaye hakuna mwanajeshi wake atakayerudi ndani ya sanduku ana sababu moja pungufu ya kujizuia.

AFISA MSTAAFU: Hoja hiyo ni nzuri darasani. Mhandisi ametukumbusha wapagazi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zilipata majina yao kutoka kwa watu wale. Makumi ya maelfu walizikwa njiani, wengine hawakuzikwa. Kuna jemadari aliyesita? Kuna bunge la London au Berlin lililosema basi, wapagazi wanakwisha, turudi nyumbani? Damu inamzuia kiongozi pale tu anapoihesabu kuwa ya kwao.

MWANASHERIA: Na leo hesabu hiyo itafanywa vipi, kama upande wenye mashine hautoi damu kabisa? Utakuwa umewageuza watu wote wa upande wa pili kuwa wapagazi: wanaokufa bila kuhesabiwa. Halafu kuna hatua inayofuata, na ninyi wawili mmeikaribia bila kuitaja. Mawimbi yanavurugwa, uzi wa faiba unakatika, rubani hakai ndani. Basi mtaipa mashine akili ya kuchagua yenyewe. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha zinazojiamulia, nchi 152 zikiunga mkono na 4 zikipinga. Mwaka huohuo Katibu Mkuu António Guterres alitaka kuwe na mkataba ifikapo 2026. Dunia inajua tunakoelekea.

MHANDISI: Ndiyo maana nilianza na kiti cha rubani! Mmenicheka kwa sababu ya mita 18, lakini kwenye hadithi zile zote kuna jambo moja halibadiliki: ndani kuna mtu, ana jina, na anajua amefanya nini. Mimi sitetei urefu. Natetea kiti.

AFISA MSTAAFU: Unataka kumpandisha kijana kwenye shabaha ili dhamiri ya dunia ipate pa kukaa. Mimi nimewaandikia wazazi barua. Huwezi kumwambia mama kwamba mwanawe alikuwa kipimo cha uwajibikaji.

MHANDISI: Je, nimwambie mama wa upande wa pili kwamba mwanawe aliuawa na hesabu, na hakuna wa kumwendea?

AFISA MSTAAFU: Mwambie kamanda aliyeituma ndiye wa kumwendea. Bomu la ardhini nalo halina rubani, na aliyelitega anajulikana.

MWANASHERIA: Umechagua mfano wangu, Afande. Aliyelitega mara nyingi hajulikani, na ndiyo maana ukaja Mkataba wa Ottawa mwaka 1997. Makumi ya mamilioni ya mabomu yaliyokuwa maghalani yakateketezwa kabla ya kukanyagwa na mtu.

AFISA MSTAAFU: Marekani, Urusi na China hazikusaini. Na mwaka 2025 Finland, Poland, Estonia, Latvia na Lithuania zikaamua kujitoa, kwa sababu jirani yao ana silaha hizo na hajafungwa na chochote. Hizo si nchi za wahuni. Ni nchi zenye hofu, na mkataba unaowafunga waoga peke yao ni zawadi kwa shujaa mbaya.

MWANASHERIA: Kujitoa kwao hakukufufua hata bomu moja kati ya yaliyokwisha kuteketezwa. Sheria ya vita haijawahi kumzuia kila mtu. Inawapunguzia wanaotaka kujizuia upweke, na inamwandikia jina yule anayevunja. Ukiondoa mtu kwenye mashine, unaiondolea sheria hiyo pa kushika.

AFISA MSTAAFU: Basi mtu awe kwenye uamuzi, asiwe kwenye chuma. Aamue kutoka mbali, sauti yake irekodiwe, jina lake liandikwe. Hapo nitakaa na wewe.

MWANASHERIA: Na mawimbi yakikatika katikati ya uamuzi?

AFISA MSTAAFU: Mashine isimame.

MHANDISI: Unasema hivyo leo kwa utulivu, Afande. Kamanda ambaye kikosi chake kinazingirwa ataagiza isisimame, na mimi nitakuwa nimeacha kitufe cha kumwezesha, au sikukiacha. Vita hiyo itaamuliwa kwenye meza yangu, miaka mitano kabla ya risasi ya kwanza. Kwa hiyo nasema wazi nitakachojenga. Jitu la mita 18 nimeliacha. Nitajenga mashine fupi ya miguu minne, isiyo na kelele, ya kubeba maji na majeruhi mahali ambapo gari halifiki, ili asipatikane tena mpagazi wa kufa chini ya mzigo wa mwingine. Lakini mashine ya kuchagua nani auawe, bila mtu wa kusema ndiyo kila mara, sitaijenga.

AFISA MSTAAFU: Na siku adui atakapoileta ya kwake?

MHANDISI: Siku hiyo utakuja kuniagiza nijenge kama yake. Njoo na karatasi yenye jina lako na sahihi yako, Afande, iseme kwamba kila atakayeuawa na mashine hiyo ameuawa na wewe.